Muuzaji amesaini mkataba wa nyumba, sasa anataka kujitoa: je, mnunuzi anaweza kumlazimisha akamilishe mauzo?

Mnunuzi Mvumilivu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za saa hizi. Naomba mawazo ya wenye uelewa wa mikataba ya mauziano ya nyumba na ardhi, kwa sababu jambo lililonifika limeninyima usingizi na sitaki kuchukua hatua itakayoniharibia haki yangu.

Mimi na muuzaji tulisaini mkataba wa maandishi mbele ya mashahidi. Mkataba unataja nyumba, namba ya hati, bei na tarehe ya kukamilisha mauzo. Siku hiyohiyo nililipa arabuni ya asilimia 10 ya bei, na salio nilipaswa kulilipa siku ya kukabidhiwa hati ya uhamisho ikiwa imesainiwa. Benki imeshaidhinisha mkopo wangu. Tarehe ilipokaribia, muuzaji alinitumia ujumbe wa simu: "Samahani, familia imebadili mawazo, nyumba haiuzwi tena. Nimekurudishia pesa yako yote, naomba tumalizane kwa amani." Nilipoangalia akaunti nikakuta kweli arabuni imerudi, na kwenye maelezo ya muamala ameandika "marejesho, mkataba umefutwa". Baadaye dalali aliniambia kwamba yupo mtu mwingine aliyepanda bei.

Sikuomba kurudishiwa pesa. Nilichotaka ni nyumba ile, kwa sababu nilikwisha kupanga maisha ya familia yangu kwa kuitegemea. Je, kwa kurudisha arabuni muuzaji amejitoa kihalali? Mahakama inaweza kuamuru nihamishiwe nyumba, au itaniambia nichukue fidia niende zangu? Na kitu cha kwanza kufanya ni kipi?

Mkongwe wa Viwanja

Pole sana ndugu. Nisemayo hayatakufurahisha, lakini nayasema kwa nia njema. Pesa yako imerudi kamili, na wapo wengi ambao muuzaji amewageuka na hata arabuni hawakuiona tena. Kesi za ardhi huchukua miaka, na kila tarehe ya mahakama ina gharama zake. Ukishinda utapata nyumba ambayo huenda wakati huo mkopo wako ulishafutwa na bei ya vifaa vya ukarabati imepanda. Mimi ningechukua pesa, ningedai gharama nilizoingia, kisha ningetafuta nyumba nyingine. Fikiria hilo kabla hujaanza vita.

Wakili wa Mikataba

Namheshimu Mkongwe, na hoja yake ya muda na gharama ni ya kweli. Hata hivyo, uamuzi wa kuachana na mkataba ni wa mnunuzi, wala muuzaji hana uwezo wa kumfanyia. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki zao bila kujua, kwa hiyo mtaniwia radhi nikieleza kwa kirefu.

Katika nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Uingereza, upande mmoja ukitangaza kwamba hautatekeleza mkataba, tangazo hilo peke yake haliui mkataba. Linampa upande wa pili hiari ya aina mbili: kukubali kwamba mkataba umekufa na kudai fidia, au kukataa tangazo hilo, kuuhesabu mkataba kuwa hai na kudai utekelezwe. Ujumbe wa "tumalizane kwa amani" ni ombi tu. Hatari iko kwenye zile pesa zilizorudi. Zikikaa kwenye akaunti yako kwa wiki na miezi huku umenyamaza, wakili wa muuzaji atasimama na kusema kwamba mteja wake alitangaza kufuta mkataba, mnunuzi akapokea marejesho, hivyo pande zote mbili zilikubaliana kuachana. Maneno "mkataba umefutwa" kwenye maelezo ya muamala yaliwekwa kwa kazi hiyo, na anayeyasoma baadaye bila barua ya kuyapinga hawezi kulaumiwa akiyaamini.

Kwa hiyo, ndugu Mnunuzi, barua yako iende leo. Iseme kwamba hukubali kufutwa kwa mkataba, kwamba pesa zilizorejeshwa hukuziomba na hukuzipokea kama marejesho, kwamba unaziona bado ni arabuni ya mkataba ulio hai, na kwamba uko tayari kukamilisha mauzo katika tarehe iliyokubaliwa. Kisha pesa zenyewe zitoke kwenye akaunti yako ya matumizi. Zirudishwe kwa muuzaji, au, kama hilo lina hatari, ziwekwe kwenye akaunti ya wakili wako zikisubiri siku ya kukamilisha, na barua ieleze zilipo. Usizitumie hata kidogo. Barua itumwe kwa njia iliyotajwa kwenye kipengele cha mawasiliano cha mkataba, na utunze uthibitisho wa kupokelewa kwake.

Kabla ya kwenda mbali, jiulize kama kweli unao mkataba unaobana. Tangu Sheria ya Udanganyifu ya Uingereza ya mwaka 1677, nchi nyingi zilizorithi mfumo huo hazitekelezi makubaliano ya ardhi yaliyo ya mdomo tu. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1989, inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, ubebe masharti yote waliyokubaliana, na usainiwe na pande zote mbili. Kenya inataka hivyohivyo maandishi na saini, pamoja na saini hizo kushuhudiwa. Ujerumani inakwenda mbali zaidi, kwani kifungu cha 311b cha Kanuni yao ya Madai kinataka mkataba wa ardhi upitie kwa mthibitishaji wa serikali, na karatasi waliyosaini wawili sebuleni haina nguvu kwa kawaida. Hukutaja nchi yako na sikuombi uitaje hadharani, lakini sharti hili ndilo wakili wako atakaloangalia kwanza. Aangalie pia kama kuna ruhusa ya mwenzi wa ndoa, ya mmiliki mwenza au ya mamlaka ya ardhi iliyohitajika na haijapatikana, na kama kuna mahali palipoandikwa kwamba makubaliano "yanategemea kusainiwa kwa mkataba rasmi". Maneno hayo machache yanaweza kuifanya karatasi nzima kuwa mazungumzo tu.

Jambo la pili halisubiri hata majibu ya barua. Linda nyumba yenyewe. Haki yako dhidi ya muuzaji inaweza kuwa imara kama nini, lakini ikiwa atamhamishia mtu mwingine aliyelipa thamani halisi bila kujua habari zako, na mtu huyo akasajiliwa, mahakama nyingi zitamlinda huyo na wewe utabaki na madai ya pesa. Ndiyo maana mifumo ya usajili ina dawa yake. Kwingine huitwa kaveati au pingamizi, yaani maandishi kwenye daftari la ardhi yanayozuia nyumba isihamishiwe mtu mwingine, Uingereza mnunuzi huandikisha taarifa kwenye daftari la ardhi, na Ujerumani kifungu cha 883 cha Kanuni ileile ya Madai kinaruhusu kuandikishwa kwa tahadhari ambayo uhamisho wowote wa baadaye unaopingana nayo hauwezi kumwathiri mnunuzi wa kwanza. Hata jina likiwa tofauti, nenda kwa msajili ukiwa na nakala ya mkataba. Kama dalili za kuuzwa kwa mtu mwingine ni za wazi, wakili wako aombe mahakamani zuio la muda sambamba na pingamizi.

Ukijua mnunuzi wa pili ni nani, mwandikie kwa lugha ya kiungwana kumjulisha kwamba mkataba wako upo. Baada ya barua hiyo hawezi kusema hakujua, na katika nchi nyingi anayemshawishi mtu kwa makusudi avunje mkataba hudaiwa yeye mwenyewe. Usimtishe wala kumtukana, kwa sababu barua hiyo itasomwa na jaji.

Mnunuzi Mvumilivu

Wakili, nakushukuru sana. Barua naiandaa sasa hivi na kesho asubuhi nitakuwa kwa msajili. Nimeusoma mkataba upya na nimekutana na kipengele kilichonitia wasiwasi. Kinasema: "Endapo muuzaji atashindwa kukamilisha mauzo, atamrudishia mnunuzi arabuni yote pamoja na kiasi kingine kinacholingana na arabuni hiyo." Muuzaji hajalipa hicho kiasi kingine, lakini naogopa atasema kwamba akikilipa mambo yameisha.

Wakili wa Mikataba

Umeuliza swali lililo kiini cha shauri lako, na jibu lake liko kwenye tafsiri ya kipengele chenyewe.

Kuna vipengele vya aina mbili vinavyofanana kwa sura. Cha kwanza kinamuuzia muuzaji hiari: akitaka kujitoa, bei ya kujitoa ni hii, akiilipa yuko huru. Hispania ina kanuni ya aina hiyo katika kifungu cha 1454 cha Kanuni yao ya Madai, ambapo mnunuzi anayejitoa hupoteza arabuni na muuzaji anayejitoa huirudisha mara mbili. Ufaransa pia inayo katika kifungu cha 1590. Lakini tazama kifungu kinachotangulia hicho, cha 1589: kinasema ahadi ya kuuza ni sawa na mauzo pale pande mbili zinapokubaliana juu ya kitu na bei. Sheria ileile inayoutambua mlango wa kutokea inaanza kwa kusema kwamba mkataba wa kawaida hauna mlango huo.

Kipengele cha aina ya pili kinakadiria fidia mapema, ili ukivunjwa mkataba pasiwe na mabishano ya hesabu. Hicho hakimpi mvunjaji haki ya kuchagua kuvunja. Katika mifumo ya Kiingereza, kutajwa kwa kiasi cha fidia peke yake hakuizuii mahakama kuamuru utekelezaji, na hata nchini Hispania mahakama zimekuwa na msimamo kwamba hiari ya kujitoa lazima ionekane wazi kwenye maneno ya mkataba, kwa kuwa inakwenda kinyume na kanuni ya jumla ya kutimiza ahadi.

Sasa soma maneno yako. Yanasema "atashindwa kukamilisha", hayasemi "atakapoamua kujitoa" wala "atakuwa na hiari". Kushindwa ni uvunjaji. Kwa maoni yangu kipengele hicho kinaelekea upande wa fidia zaidi kuliko upande wa hiari, na ningekitetea hivyo mahakamani. Angalia pia kama kuna mahali pengine mkataba unaposema mnunuzi atakuwa na nafuu "nyingine zozote za kisheria". Ukipata sentensi hiyo, umepata mshirika mzuri. Na muuzaji akikuletea hicho kiasi cha pili, usikipokee kabla hujazungumza na wakili wako.

Karani wa Hati

Mimi sio wakili, nimefanya kazi ya kuandaa nyaraka za uhamisho kwa muda mrefu, na ninaomba kuongeza upande wa vitendo ambao wanunuzi huusahau wakiwa na hasira.

Anayeiomba mahakama imlazimishe muuzaji atimize, ataulizwa yeye mwenyewe kama alikuwa tayari, ana nia na ana uwezo wa kutimiza upande wake. Watu husema "pesa nilikuwa nazo", na kumbe hakuna karatasi hata moja inayoonyesha hivyo. Barua ya benki ya kuidhinisha mkopo ina tarehe ya mwisho. Ikipita bila kuhuishwa, muuzaji atasema mnunuzi hakuwa na uwezo siku ya kukamilisha, na hoja hiyo ina nguvu. Nenda benki, waeleze hali, omba barua mpya kila inapokaribia kuisha, na kama una akiba yako chukua taarifa ya akaunti ya siku ileile ya kukamilisha.

Halafu siku ya kukamilisha ifike kama vile hakuna ugomvi. Hati ya uhamisho iandaliwe kwa upande wako, isainiwe na wewe, ipelekwe kwa muuzaji pamoja na barua inayosema salio lipo na litalipwa papo hapo kwa kubadilishana na hati. Nenda mahali palipotajwa, saa iliyotajwa, ukiwa na mtu atakayeweza kutoa ushahidi. Asipotokea, andikeni na kusaini maelezo mafupi ya kilichotokea. Karatasi hiyo moja imeokoa mashauri ambayo yangebaki neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Ujumbe wa simu usiufute, na usiishie kuupiga picha tu, kwani simu yenyewe inaweza kuhitajika.

Mkongwe wa Viwanja

Nimewasoma wote kwa makini. Nauliza kwa niaba ya upande wa pili, maana nao ni binadamu. Je, kama muuzaji ana sababu ya kweli? Tuseme ameugua, au nyumba ndiyo makazi pekee ya watoto wake. Mahakama itamtoa tu kwa sababu alisaini karatasi?

Wakili wa Mikataba

Mahakama inayo nafasi ya kumsikiliza. Amri ya utekelezaji mahususi, yaani ya kumlazimisha mtu atimize mkataba wenyewe badala ya kulipa fidia, katika mfumo wa Kiingereza ni nafuu ya hiari ya mahakama, na inaweza kukataliwa pale ambapo kuitoa kutamletea mtu mateso makubwa yasiyolingana na haki ya mwenzake. Liko shauri la Uingereza la mwaka 1984 ambapo mmiliki mwenza wa nyumba, baada ya mkataba kusainiwa, alipata saratani, akakatwa mguu, mumewe akafungwa jela, naye akawa na watoto wadogo huku akitegemea msaada wa kila siku wa ndugu na marafiki waliokuwa jirani. Miaka ilikuwa imepita kwa sababu ambazo hazikuwa kosa la upande wowote. Jaji alikataa kumlazimisha ahame na akaelekeza mnunuzi apewe fidia. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini pima uzito wa mambo yale, kisha uyalinganishe na muuzaji aliyepata mteja mwenye bei nzuri zaidi. Kupanda kwa bei, au familia kubadili mawazo bila sababu nyingine, si mateso ya aina hiyo. Ingekuwa hivyo, hakuna mkataba wa mauziano ungekuwa na maana siku soko likipanda.

Kuhusu nyumba au fidia, msimamo wa zamani wa mahakama hizo ni kwamba kila kipande cha ardhi ni cha pekee, na pesa haziwezi kukununulia kipande kilekile, ndiyo maana amri ya utekelezaji imekuwa nafuu ya kawaida katika mauziano ya ardhi. Msimamo huo si wa kila mahali kwa uzito uleule. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema kwamba upekee usichukuliwe kuwa upo tu, bali mnunuzi aonyeshe kuwa mbadala haupatikani kirahisi. Kwa hiyo usitegemee neno "ardhi" likufanyie kazi yote. Eleza kwenye kiapo chako kwa nini ni nyumba hii: ukaribu na shule ya watoto, ukubwa wake, mgonjwa unayemhudumia jirani, chochote kilicho cha kweli na kinachothibitika.

Usiogope kwamba ukiomba nyumba umejifungia fidia. Dai vyote viwili kwenye hati ya madai, kimoja badala ya kingine. Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilieleza mwaka 1979 kwamba hata baada ya amri ya utekelezaji kutolewa mkataba unaendelea kuishi, na ikiwa amri haikutimizwa, aliyeshinda anaweza kurudi mahakamani kuomba amri ifutwe na apewe fidia. Fidia hiyo kwa kawaida ni tofauti kati ya bei ya mkataba na thamani ya nyumba sokoni, pamoja na hasara ambazo pande zote ziliweza kuziona mapema. Na muuzaji akipewa amri kisha akagoma kusaini, mahakama katika nchi nyingi ina uwezo wa kumteua ofisa wake asaini hati ya uhamisho kwa niaba yake, na msajili huipokea kama saini ya muuzaji.

Nimkubalie Mkongwe jambo moja kwa moyo wote: usichelewe. Nafuu hii hupewa anayeidai mapema, na mnunuzi aliyekaa kimya akitazama kama bei itapanda au itashuka ndipo aamue, mahakama humtambua upesi.

Mnunuzi Mvumilivu

Ndugu zangu, narudi na mrejesho. Barua imepokelewa na imesainiwa kwenye kitabu, pingamizi limeandikishwa, arabuni iko kwenye akaunti ya wakili wangu na benki imehuisha barua ya mkopo. Leo wakili wa muuzaji amepiga simu. Anasema mteja wake yuko tayari kukamilisha mauzo, ila anaomba asogezewe tarehe ili apate pa kuhamia, na anataka niondoe pingamizi kwanza kama ishara ya nia njema. Mimi muda sina neno nao. Hilo la pingamizi ndilo linalonipa mashaka.

Wakili wa Mikataba

Mpe muda, na umpe kwa moyo mweupe, kwa sababu mtu anayehama anauhitaji kweli. Lakini muda huo uwe kwenye nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote, itaje tarehe mpya kwamba ni ya lazima, ithibitishe kwamba mkataba wa awali ni hai na haukuwahi kufutwa, itamke kwamba arabuni iliyo kwa wakili wako imehesabiwa kuwa imelipwa, na ieleze kwamba kumwongezea muda hakuondoi haki yako yoyote. Nyongeza hiyo ifuate masharti yaleyale ya saini na ushahidi yaliyohitajika kwenye mkataba wenyewe.

Pingamizi usiliondoe sasa. Mjibu wakili mwenzangu kwa upole kwamba halimzuii mteja wake kukuuzia wewe, linazuia tu kumuuzia mtu mwingine, na kwamba fomu ya kuliondoa utaisaini mapema na kumwachia wakili wako, aiwasilishe kwa msajili pamoja na hati ya uhamisho kwenye jina lako.

Mnunuzi Mvumilivu

Nimeelewa. Nyongeza inaandaliwa kwa maneno hayo, na fomu ya kuondoa pingamizi itabaki kwenye jalada la wakili wangu hadi siku ya usajili. Ahsanteni sana.